Umeapa juzi? Siku 30 zimeshaanza kuhesabika

Madiwani na wakurugenzi wapya wa halmashauri, kabla pongezi hazijaisha, shughulikieni tamko la rasilimali na madeni. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995, inampa kiongozi siku 30 tangu ashike wadhifa. Baada ya hapo ni kila mwisho wa mwaka, na tena anapoondoka madarakani.

Nimewasaidia viongozi wengi kujaza tamko hilo, na wanaohangaika si wenye mali nyingi. Ni wale wasiojua walicho nacho. Shamba bado lina jina la marehemu baba, kiwanja kimelipiwa nusu, gari limeuzwa lakini kadi haijabadilishwa. Mambo hayo yanataka vielelezo, na vielelezo havipatikani usiku wa Desemba 31. Tena tamko linamgusa mwenzi wa ndoa na watoto walio chini ya miaka 18 wasio na ndoa, kwa hiyo anzeni kuulizana nyumbani mapema. Kuna waheshimiwa wanaojua bei ya mahindi kata nzima ila hawajui mke ana hisa wapi. Madeni nayo msiyafiche kwa aibu: jengo jipya likizua maswali wakati wa uhakiki, mkopo ulioutaja ndio utakaokutetea.

Kutotoa tamko bila sababu ya msingi ni kuvunja maadili. Kutoa la uongo huku ukijua, vilevile. Shauri laweza kufika Baraza la Maadili, linaloongozwa na jaji au aliyewahi kuwa jaji, na likasikilizwa hadharani. Hatua ni pamoja na onyo, kushushwa cheo, kusimamishwa, kufukuzwa, hata kufunguliwa mashtaka. Kwa mbunge, ibara ya 71 ya Katiba haina mzaha: asipotoa tamko la mali, anapoteza kiti.

Ukubwa wa cheo si kinga. Februari 2016, mawaziri wanne na naibu waziri mmoja waliokuwa hawajakamilisha tamko au hati ya ahadi ya uadilifu walipewa na Rais Magufuli hadi saa 12 jioni siku hiyohiyo, la sivyo wapoteze kazi.

Ukishawasilisha, tunza uthibitisho wa kupokelewa nyumbani kwako. Uhamisho ukija ghafla, kabati la ofisini anabaki nalo aliyekurithi.