Noti ziko WhatsApp, na WhatsApp hainiachi nisome

Mdogo wangu, unasema mhadhiri hutuma noti kwenye grupu la WhatsApp, na kila ukizifungua unajikuta umezama TikTok hadi usiku wa manane. Usijilaumu sana, programu hizo zimeundwa zikunase.

Ingia kwenye grupu, pakua noti, kisha zima data. PDF ikishapakuliwa haili bando. Zile nzito za mtihani zipeleke kwa mwenye fotokopi nje ya geti akuchapishie, kisha simu mwachie mwenzako wa chumba. Kuilaza kifudifudi mezani ni kujidanganya, utaigeuza tu.

Darasani kaa mbele. Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba hata wanafunzi waliokuwa wakiona tu laptopu ya mwenzao anayeperuzi mambo mengine walipata alama za chini kuliko wasioiona. Kwa hiyo wale marafiki zako wanaotazama mechi huko nyuma wanakugharimu hata kama laptopu si yako.

Na hiyo ya kusomea kwenye matatu ya Rongai, muziki ukipasua masikio? Achana nayo. Sinzia tu, ila simu iwe mfuko wa ndani.