Mwili wako na mwiba wa nyuki: mabadiliko ya kufuatilia kila msimu

Wafugaji nyuki wengi huku Tabora huamini kwamba mwili ukishazoea miiba, umezoea moja kwa moja. Sivyo. Anayeanza kazi huvimba mkono mzima, kisha uvimbe hupungua msimu hadi msimu kadiri anavyodungwa. Lakini mtu aliyerina miaka mingi bila shida naye anaweza kudungwa mwiba mmoja akaishiwa nguvu chini ya mzinga. Kwa hiyo kila ukidungwa, usome mwili wako, na ujue mabadiliko gani ni ya kuvumilia na yapi ni ya kusimamisha kazi papo hapo.

Kwanza mwiba wenyewe. Una meno yanayoelekea nyuma, ndiyo maana unabaki kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu, na kifuko hicho huendelea kusukuma sumu hata nyuki akishaondoka. Sehemu kubwa huingia ndani ya sekunde 20 za mwanzo. Mabishano ya kwamba ukwanguliwe kwa ukucha au ung'olewe kwa vidole hayana maana. Utoe kwa njia iliyo karibu zaidi, mara moja. Halafu pafukize moshi pale ulipodungwa, kwa sababu mwiba huacha harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita nyuki wengine waje kudunga palepale. Glavu na ovaroli hubaki na harufu hiyo, basi zifuliwe kabla ya kurudi manzuki, pale mizinga ilipo.

Maumivu, wekundu na uvimbe wa sentimita chache unaoisha baada ya siku moja au mbili ni jambo la kawaida. Kuna uvimbe mkubwa zaidi, unaozidi sentimita 10: umedungwa kidoleni, kesho yake mkono umejaa hadi kiwiko. Huu huongezeka hadi siku ya pili na unaweza kukaa wiki nzima. Unatisha kwa macho, ila kwa kawaida hauui, isipokuwa mwiba ukiwa mdomoni, kwenye ulimi au kooni, ambako uvimbe wenyewe unaweza kuziba njia ya hewa hata kwa mtu asiye na mzio wowote. Vua pete na saa mapema, inua mkono, weka kitambaa cha maji baridi, na setirizini ya miligramu 10 mara moja kwa siku itapunguza muwasho. Wengi hukimbilia antibayotiki hapa, bila sababu. Uvimbe unaowasha siku ya kwanza na ya pili ni kazi ya sumu. Vidudu huja baadaye: maumivu yanazidi badala ya kupungua, homa inapanda, usaha unatoka. Hapo ndipo antibayotiki ina kazi.

Mwenye uvimbe wa namna hii anaweza kuendelea na nyuki. Katika watu 100 kama yeye, 5 hadi 10 hivi ndio watakaopata mzio wa mwili mzima wakidungwa tena. Asiende mzingani peke yake, basi.

Kipimo kikubwa hasa si ukubwa wa uvimbe. Ni dalili kutokea mbali na mwiba. Umedungwa kwenye kifundo cha mguu, lakini viganja vya mikono na utosi vinawasha. Mabaka yanaota tumboni na mapajani. Kope au midomo inavimba. Sauti inakwaruza, kifua kinabana. Tumbo linanyonga, unatapika. Macho yanaingia kiza. Mara nyingi haya huanza ndani ya dakika chache, na mengi hujitokeza kabla ya nusu saa kupita. Hata kama ni mabaka tu yaliyoisha yenyewe, umeshaingia kundi la wenye mzio wa mwili mzima. Acha mizinga mpaka uonane na daktari.

Kwa nini mwili ubadilike? Miiba ya mwanzo inaweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili za aina ya IgE. Hizi hukaa tayari kwenye seli, na sumu ikija tena seli humwaga histamini, kemikali inayoleta muwasho na uvimbe, mwili mzima. Anayedungwa mara nyingi hutengeneza aina nyingine, IgG4, inayoiwahi sumu kabla haijazigusa hizo za kwanza. Ndiyo maana wanaodungwa zaidi ya mara 200 kwa mwaka ni nadra kupata mzio mkali, na walio hatarini zaidi ni wanaodungwa mara chache, chini ya 25 hivi. Hesabu hii inawagusa wanaoanza, walioacha nyuki muda mrefu wakarudi, na pia mama na watoto nyumbani wanaofua ovaroli zenye miiba na kudungwa mara moja moja. Inamgusa hata mzoefu anaporina kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi ya kupumzika. Siku hiyo vaa kamili, glavu na gambuti pamoja na neti, na fungua mizinga michache. Kujidungisha makusudi ili uzoee upya ni hatari, usijaribu.

Wazee wetu wengi wanatumia dawa za presha, na hili halizungumzwi vya kutosha. Propranolol na atenolol hupunguza nguvu ya adrenalini, dawa ya sindano ya mzio mkali, wakati ndiyo inayotakiwa kukuokoa. Enalapril, captopril na lisinopril huweza kuongeza ukali wa mzio. Usiziache kwa uamuzi wako. Mwambie daktari kwamba unafuga nyuki, aamue yeye.

Miiba mingi kwa mpigo ni habari nyingine, ni sumu kwa wingi wake. Mtu mzima akipata zaidi ya 50, aende hospitali hata akijiona mzima, na mtoto apelekwe hata kwa miiba michache kuliko hiyo. Misuli huharibika na figo huziba taratibu, kwa hiyo dalili zinaweza kuchelewa hata siku nzima. Mkojo ukiwa wa kahawia au mweusi, usisubiri asubuhi.

Kwenye kambi za porini, Sikonge au Kaliua ndani huko, zahanati iko mbali. Aliyewahi kupata mzio wa mwili mzima aombe daktari amwandikie adrenalini, na wenzake wafundishwe kuichoma. Kwa mtu mzima ni miligramu 0.5, yaani nusu mililita ya ampuli (kichupa cha dawa) ya miligramu 1 kwa mililita 1, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Hali isipotengemaa, hurudiwa baada ya dakika 5. Ampuli isikae kwenye jua wala kwenye sanduku la pikipiki. Dawa ikigeuka rangi, tupa. Piriton, kidonge cha muwasho, haichukui nafasi ya adrenalini. Mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe. Akihema kwa shida akae. Asisimamishwe wala asitembezwe hadi barabarani, kwa sababu presha iliyoshuka ikikuta mtu amesimama moyo unaweza kusimama. Pikipiki ni ya mwisho kabisa: tafuta gari, au mtume dereva wa pikipiki akamlete mhudumu wa afya na dawa hadi kambini. Akipata nafuu bado apelekwe, akae chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, maana mzio huweza kurudi.

Weka daftari. Andika tarehe, idadi ya miiba, sehemu ya mwili, saa dalili zilipoanza na dawa uliyotumia. Chora ukingo wa uvimbe kwa kalamu ya wino jioni ile, na tena kesho yake. Mstari wa pili ukizidi kuwa mbali na wa kwanza kila unapodungwa upya, unaona mwelekeo. Daktari bingwa naye atayahitaji maelezo hayo akitaka kupima damu, au kukuanzishia sindano za kuuzoesha mwili sumu kidogo kidogo, tiba ya miaka 3 hadi 5.

Asiyeweza kuzipata sindano hizo bado ana kazi kwenye asali. Nyuki wadogo, ambao ni aina nyingine ya nyuki, hawana mwiba unaoweza kudunga, mizinga yao hukaa hata ukutani kwa nyumba, na asali yao huuzwa bei ya juu kuliko ya nyuki wakubwa.