Antena ya setilaiti kwa MX-5, hapa Nakuru?

Ndugu, umeuliza kama antena ya setilaiti itasaidia redio ya MX-5 yako, lile gari dogo la Mazda lenye paa la turubai, kushika stesheni. Usiinunue. SiriusXM, huduma ya redio ya setilaiti, hurusha matangazo Amerika Kaskazini; hapa Nakuru utakuwa umefunga pambo. Shida yako ni redio yenyewe: gari limetoka Japani, na redio za huko za zamani hushika FM 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu zinafika 108. Ekspanda, kifaa cha kushusha masafa ya stesheni zetu ili redio hiyo iyashike, ni bei nafuu, lakini sauti hukwaruza. Mimi ningeng'oa redio nzima.

Fundi akifunga mpya, aunge ule waya wa buluu, la sivyo antena ya mota haitapanda. Tena akwangue kutu kwenye kitako cha antena hiyo mpaka bati ling'ae, maana hapo ndipo ethi, yaani muunganisho wa antena na bodi ya gari, inaposhika. Paa la turubai halina kosa.