Miaka miwili Ujerumani: ubebe nini, uache nini

Dada, umeuliza kama masanduku mawili yatatosha kwa miaka miwili ya masomo Ujerumani, na utafanyaje na uchungu wa kumwacha mama. Sanduku moja linatosha. Koti la baridi usihangaike nalo Kariakoo. Kule utapata la mtumba lililoshonwa kwa baridi ile ile. Vyeti halisi na dawa viweke kwenye begi la mkononi. Nyama na maziwa usijaribu, forodha za Umoja wa Ulaya haziruhusu. Viungo vya pilau, kanga mbili, basi.

Mzigo wa moyoni ndio mzito. Mimi niliondoka hatusemezani na kaka yangu kwa sababu ya kiwanja, na kwa miezi minne nilikuwa naamka usiku nambishia peke yangu. Kaa na watu wako, myamalize kabla ya safari. Wanaokuagiza simu na viatu waambie sasa hivi kwamba huwezi.

Na mama, mpangiane siku ya kupigiana simu, tuseme Jumapili jioni. Majira ya joto ya kule mtapishana saa moja tu, ya baridi saa mbili.