Need for Speed ipi uanze nayo: kilichobadilika ni dau, picha ni nyongeza tu

Mkuu mmoja wa Ngaramtoni ameuliza mawili kuhusu Need for Speed, zile gemu za mbio za magari. Ana PS2 nyembamba na laptopu ya Windows 10, RAM GB 4, haina kadi ya grafiksi: aanze na Need for Speed ipi? Na kwa nini wazee wa vibanda vya gemu hapa Arusha bado wanazisifia zile za 2003 hadi 2006? Naanza na la pili, maana ndilo linaloamua la kwanza. Jibu lake ni dau, yaani kile unachoweza kupoteza ukishindwa.

Gemu ya kwanza ilitoka 1994 kwenye mashine ya 3DO, na haikuwa ya mtaani hata kidogo. Ilikuwa Ferrari, Lamborghini, barabara ndefu za nje ya mji na polisi mgongoni. Hot Pursuit ya 1998 ikakuruhusu kuwa polisi mwenyewe. High Stakes ya 1999 ikakutoza gharama ya kunyoosha gari ulilogonga, tena ikaleta mbio ambazo anayeshindwa anaacha gari. Hilo la kuacha gari liweke akilini, litarudi.

Underground (2003) ikageuza meza. Usiku mtupu, polisi hakuna, na magari yakashuka hadi yale unayoyaona Sokoine Road: Subaru Impreza, Mitsubishi, Civic. Underground 2 (2004) ikaongeza mji wa kuzunguka, Bayview, na Lexus IS300, ambayo kwetu ni Altezza tu. Ndiyo maana ilishika hivi huku kwetu. Chalii anapamba gari analolijua, si la kwenye bango.

Ila Underground 2 ina mtego wake. Ili upigwe picha za jarida, gari linatakiwa kufikia nyota fulani za muonekano, na nyota hizo zinatoka kwenye bampa, rimu, rangi na stika hata kama kwa macho yako ni uchafu. Watu wengi wanakwama hapo wakidhani gemu imeharibika. Kwenye drag nako, zile mbio fupi za kunyoosha moja kwa moja, kosa ni kukanyaga tu na kungoja. Kazi yako pale ni gia: badilisha taa ya kijani inapowaka. Ukichelewa mshale ukakaa kwenye nyekundu, injini inakufa na mbio zimeisha.

Most Wanted (2005) ndiyo kilele, na sababu yake ni hesabu kuliko ile BMW M3 GTR ya kwenye kava. Kila gari lina nafasi tatu za makosa. Ukikamatwa, nafasi moja inajaa na unalipa faini. Zikijaa zote, gari limekwenda. Joto la polisi, yaani kiwango wanachokusaka, linakaa kwenye gari, si kwako, kwa hiyo ukibadilisha gari unaanza na joto la gari hilo jingine, na kubadilisha rangi au bodi kunalipunguza. Anayetumia gari moja tangu mwanzo hadi mwisho anajitafutia balaa. Kuwa na mawili: moja la mbio, moja la kukusanya pointi za polisi.

Ukimshinda mmoja wa wale 15 wa Blacklist, orodha ya wapinzani unaowapanda mmoja mmoja, unaletewa alama sita, unachagua mbili. Tatu zinaonyesha wazi ni vifaa gani, tatu zina alama ya kuuliza. Karatasi ya umiliki wa gari lake imo kwenye zile za kuuliza. Mgeni huchukua vifaa. Anayejua huchagua mbili za kuuliza, maana gari zima ni fedha kuliko kifaa kimoja.

Polisi wakikubana, usikimbie barabara kuu hadi mwisho. Tafuta vile vitu vya kuangusha vilivyochorwa kwenye ramani, kituo cha mafuta au tangazo kubwa, upite chini ukiwa na angalau magari matatu nyuma. Ukiisha kuwapoteza, kimbilia sehemu ya kujificha uzime mwendo. Pale kipimo cha polisi kukata tamaa kinakwenda haraka zaidi.

Carbon (2006) ni fupi, lakini duwa za mlimani, mbio za wawili tu, ni kitu cha peke yake. Raundi ya kwanza unamfuata mpinzani, na kadiri unavyomkaribia ndivyo pointi zinavyopanda. Raundi ya pili unatangulia wewe na pointi zinashuka akikukaribia. Ukimpita raundi ya kwanza ukabaki mbele sekunde 10, umeshinda papo hapo. Ukivunja ukingo, umeanguka. Yeyote aliyewahi kupanda Marangu kwa kosta anazielewa kona zile.

Baada ya hapo dau likayeyuka. ProStreet (2007) ikahamia viwanja halali, Undercover (2008) ikarudi mtaani bila roho. Hot Pursuit ya 2010, ya studio ya Criterion, ni nzuri sana, lakini hakuna cha kupoteza zaidi ya mbio yenyewe. Most Wanted ya 2012 imebeba jina tu: gari unalikuta limeegeshwa, unapanda. Ile ya 2015, inayoitwa Need for Speed tu, haichezeki bila intaneti wala haisimamishwi, hivyo umeme ukikatika umeachwa. Payback (2017) ndiyo iliyoudhi zaidi, kwa sababu nguvu za gari zilitoka kwenye kadi sita za bahati nasibu badala ya karakana.

Heat (2019) ndiyo ikarudisha dau: mchana unatafuta hela, usiku unatafuta jina, na ukikamatwa kabla ya kufika nyumbani lile jina la usiku linakatwa vibaya. Unbound (2022) ikakaza zaidi kwa kukuhesabia idadi ya kurudia mbio. Hizo mbili laptopu yako haziwezi, tusidanganyane.

Sasa mashine. Kwenye PS2 fuata mpangilio huu: Underground 2, Most Wanted, halafu Carbon. Gemu za mji wazi zinasoma diski muda wote unapoendesha, kwa hiyo lenzi yenye vumbi inajulikana hapo kwanza: muziki unakatika, barabara inachelewa kutokea, gari linasimama hewani. Safisha lenzi kwa pamba ya masikio na spiriti isiyo na maji mengi, taratibu, bila kukandamiza. TV ikiwa pana, iweke 4:3, la sivyo magari yanatanuka kama chapati.

Kwenye laptopu weka Hot Pursuit ya 2010 kwa mipangilio ya chini kabisa, na ushushe ukubwa wa picha kabla hujagusa kitu kingine. Diski halisi za Most Wanted ya 2005 usihangaike nazo humo: ulinzi wake dhidi ya nakala unategemea programu ya kiendeshi (driver) ambayo Windows 10 iliiondoa, kwa hiyo gemu inasakinishwa vizuri kisha inagoma kuwaka. Inataka kompyuta ya zamani yenye XP.

Na kadi ya kumbukumbu ya MB 8, nunua mbili. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili inaharibika, na Blacklist unaianza upya kutoka namba 15. Nakili kwenye kadi ya pili kila unapomshinda bosi mmoja.