Siagi ya Njugu: Mafuta Yakielea Juu, Je, Imeharibika?

SWALI: Mimi hununua njugu karanga katika soko la Kibuye, Kisumu, nikazikaanga na kuzipeleka kusagwa. Siagi ninayopata huitia katika mtungi wa plastiki na kuiweka kabatini juu ya jiko. Baada ya wiki kadhaa mafuta huelea juu. Safari hii harufu nayo imebadilika, na nimeona doa la kijani karibu na kifuniko. Je, nikwangue doa hilo tuendelee kula? – Mama wa watoto watatu, Nyalenda.

JIBU: Usikwangue, mama, itupe yote. Hata hivyo, mambo matatu uliyoyataja hayana uzito sawa, na la kwanza halina kosa lolote. Karibu nusu ya uzito wa njugu ni mafuta, na zinaposagwa mafuta hayo huachiliwa, kisha polepole hupanda juu kwa kuwa ni mepesi kuliko chembe za njugu. Siagi nyingi za dukani hazitengani kwa sababu kiwandani hutiwa mafuta magumu yanayoishikilia pamoja. Yako ikitengana, ikoroge hadi chini kwa kijiko kikavu, wala usiyamwage mafuta hayo, maana itakayobaki itakuwa ngumu kama udongo wa kufinyangia.

Harufu ni jambo jingine. Mafuta ya njugu yakikutana na hewa, mwangaza na joto huungana na oksijeni na kuchacha, yakanuka kama rangi ya kupaka milango, au kama mafuta ya kukaangia samaki yaliyorudiwa siku nyingi, na ulimini huacha uchungu unaokwaruza koo. Chumvi unayotia haizuii hali hiyo. Ni ya ladha tu. Siagi iliyochacha huenda isikulaze kitandani siku hiyo hiyo, lakini ladha yake hairudi kwa kukoroga wala kwa kuongeza asali.

Kuhusu doa, siagi ya njugu iliyo kavu haioti ukungu kwa urahisi kwa sababu haina maji ya kuulisha, kwa hiyo nashuku kwamba maji yaliingia, ama kwa kijiko kilichotoka kwenye kikombe cha chai, ama kwa mvuke wa sufuria uliopanda hadi kabatini na kugeuka matone chini ya kifuniko. Kile unachokiona juu ni sehemu ndogo tu, kwani nyuzi za ukungu hupenya ndani bila kuonekana.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile ambacho pua yako haiwezi kukwambia. Kuvu aina ya Aspergillus flavus hutoa sumukuvu, yaani aflatoksini, isiyo na harufu wala ladha, na kukaanga huipunguza bila kuimaliza. Ndiyo sumu iliyokuwa katika mahindi yaliyowaua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na hata kwa kiasi kidogo kidogo kinacholiwa kwa miaka mingi huchangia saratani ya ini. Njugu hushambuliwa sawa na mahindi, hasa zisipokauka vizuri baada ya kuvunwa. Kwa hiyo, kazi kubwa ya usalama hufanyika kabla ya kusaga: zimwage njugu kwenye ungo, uondoe zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, na usizinunue zile za bei ya chini ambazo wengine walizitoa kando kama mbovu walipochambua zao, hata kama muuzaji anakuapia kwamba ukizikaanga hazina neno. Uchambuzi huo hupunguza hatari sana, ingawa ni maabara pekee inayoweza kuthibitisha kwamba sumu hiyo haimo.

Mtungi unaofuata uwe wa kioo, uliooshwa na kukaushwa kabisa; ujaze karibu na ukingo ili hewa ibaki kidogo, na uuhamishe kutoka juu ya jiko hadi mahali penye giza na ubaridi. Katika joto la Kisumu mimi singeiacha siagi ya nyumbani nje ya friji zaidi ya mwezi mmoja. Ndani ya friji hukaa miezi mitatu hivi, ingawa huwa ngumu kidogo kupaka. Kama huna friji, saga kidogo kidogo, kiasi cha kuliwa kwa wiki mbili, na uandike tarehe ya kusaga kwenye kifuniko.