Ombi la kitabu likirudi "hakipatikani"

Ndugu, umesema unasoma Cornell, kitabu unakiona kipo Yale, lakini ukiomba kupitia BorrowDirect, ushirika wa maktaba za vyuo vikuu vya Marekani wa kuazimana vitabu, unajibiwa "hakipatikani". Usikimbilie kununua.

Ushirika huo, ulioanza 1999 kwa Columbia, Pennsylvania na Yale, unakuwezesha kuomba mwenyewe bila kumpitia mkutubi. Mfumo hutafuta nakala iliyo rafuni. Maktaba ya kwanza ikiikosa, ombi huhamia nyingine. Kasi yake iko hapo.

Kinachowaponza wengi ni ISBN, yaani namba ya utambulisho ya kila toleo la kitabu. Ya jalada gumu si ya jalada laini, kwa hiyo ukiandika moja unaweza kuikosa nakala nyingine iliyojikalia tu. Tafuta upya kwa jina la kitabu na la mwandishi, kisha hakiki mwaka wa toleo. Vitabu vya rejea na vilivyotengewa kozi kwa kawaida havitoki, hata uombe mara kumi.

Bado? Tumia huduma ya kawaida ya kuazimana baina ya maktaba. Makala na sura mojamoja ziombe hukohuko, hutumwa zikiwa zimeskaniwa.

Kikifika, usibandue karatasi iliyozungushiwa jalada. Ndiyo inayoonyesha kinakorudishwa. Kikipotea, mwone mkutubi kabla bili haijatoka.